Kilicho Chini ya Maji Ndicho Kirudishacho Chombo

Katika pwani ya Kwale, tangu Diani na Gazi hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, mtu atazamaye mashua iliyotia nanga huona ubavu uliopakwa rangi nzuri, jina lililoandikwa omo, na mashine iliyofungwa tezi. Sehemu asiyoiona ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Chini ya maji imo rafadha isukumayo chombo, mtaimbo uizungushao, na usukani ukiongozao. Navyo hukaa usiku na mchana katika maji ya chumvi yenye joto, ambayo hayapumziki kula madini.

Hasara ya kutovitunza si ya fedha tu. Rafadha iliyojaa viumbe vya baharini huilemea mashine, nayo mashine hunywa mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile. Rafadha iliyoliwa huweza kuvunjika ubawa wake ghafula. Mvuvi apatwaye na jambo hilo nje ya Kisiwa cha Wasini, upepo wa Kusi ukivuma na mkondo wa bahari ukielekea kaskazini, hana la kufanya ila kutweka tanga kama analo, ama kungoja msaada. Basi yafaa kila mwenye chombo cha mashine ajue ni nini kinachokula vyombo hivi, na jinsi ya kukizuia.

Desturi ya Wazee

Watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba chombo kisichotunzwa chini hakidumu. Adui zake ni wawili. Wa kwanza ni mdudu wa baharini atoboaye mbao, mwenye umbo la mnyoo, lakini kwa asili ni jamaa ya kome na chaza. Wa pili ni wale viumbe wadogo wenye magamba makali kama wembe, ambao ingawa hugandamana na chombo kama mawe, kwa asili ni jamaa ya kaa na kamba.

Ili kuwashinda adui hao, wazee walikipweleza chombo wakati wa bamvua, wakakitia gadi, wakakikwangua, na pengine wakaziunguza mbao kidogo kwa moto wa makuti makavu. Kisha walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ya wanyama. Mbao za juu ya maji zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya maini ya papa.

Deheni haikudumu. Maji yaliila kidogo kidogo, nayo ikapakwa tena. Wazee hawakuiona hali hiyo kuwa kasoro, maana ile kinga iliyokuwa ikiisha ndiyo iliyozifanya mbao zisiishe. Fikira hiyo hiyo ndiyo msingi wa utunzaji wa rafadha.

Madini Yalavyo Madini

Madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake. Lililo dhaifu huliwa, na lililo imara husalimika. Zinki ni dhaifu kuliko alumini, alumini ni dhaifu kuliko chuma, na chuma ni dhaifu kuliko shaba.

Jambo hili lilionekana wazi katika manowari za Uingereza. Mwaka 1761 manowari iitwayo Alarm ilifunikwa mabati ya shaba chini ya maji ili mdudu wa mbao asiingie. Ilipochunguzwa miaka kama miwili baadaye, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari mingi ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa vibaya. Mahali ambapo karatasi ya kahawia ilikuwa imesahauliwa kati ya shaba na chuma, misumari ilikuwa salama. Karatasi ile ilikuwa imezuia madini hayo mawili yasigusane.

Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy alionyesha kwamba ukifunga kipande cha zinki au chuma juu ya shaba, kipande hicho huliwa na shaba haidhuriki. Lakini manowari zilipojaribiwa hivyo, jambo jipya lilitokea: mwani na viumbe wenye magamba walianza kuota juu ya shaba. Sababu yake ni kwamba shaba huwafukuza viumbe hao kwa kuyeyuka kidogo kidogo majini. Ikikingwa kabisa isiyeyuke, haina tena sumu ya kuwafukuza.

Hapo ndipo ilipo taabu ya rafadha. Rafadha nyingi za mashua kubwa hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine. Bila zinki, rafadha hiyo na mtaimbo wake huweza kuliwa. Ikifungiwa zinki, hupona, lakini huota magamba. Kwa hiyo mwenye chombo hawezi kuchagua zinki peke yake wala rangi peke yake. Kila moja ina kazi yake.

Kutengeneza na Kupaka Rangi

Kazi hii hufanywa chombo kikiwa nchi kavu. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Hivyo chombo hukaa juu ya mchanga kwa saa chache tu kabla ya maji kurudi. Muda huo hutosha kukwangua, kukagua na kubadilisha zinki. Rangi yahitaji muda mrefu zaidi ili ikauke, na chombo kitakachopakwa ni bora kivutwe hadi juu, mahali maji yasipofika. Kabla ya yote mashine izimwe na ufunguo uondolewe, asije mtu akaiwasha mkono wa mwenzake ukiwa kwenye rafadha.

Kwanza rafadha ikaguliwe. Ikigongwa polepole kwa kipande cha mti, iliyo nzima hulia kama kengele. Iliyoliwa kwa ndani hutoa sauti iliyofifia, na mahali pengine rangi yake hugeuka kuwa nyekundu kama shaba tupu, kwa kuwa zinki iliyochanganywa ndani yake imetoka. Rafadha ya namna hiyo haifai kupakwa rangi, yafaa ibadilishwe. Kadhalika ubawa uliogonga mwamba ukapinda hutikisa mtaimbo wote, na rangi haitaondoa hitilafu hiyo. Ipelekwe kwa fundi.

Pili, magamba yakwanguliwe kwa kipande cha mti au plastiki kisichokwaruza. Kisha madini yasuguliwe kwa msasa mpaka yang'ae, yaoshwe kwa maji baridi ili chumvi yote itoke, na yapanguswe kwa kitambaa safi chenye dawa ya kuondoa mafuta. Tangu hapo yasiguswe kwa mkono mtupu, maana mafuta ya vidole yatosha kuifanya rangi ibanduke. Wengi hushindwa katika hatua hii: hununua rangi ya bei kubwa, wakaipaka juu ya chumvi.

Tatu, rangi ya msingi ipakwe siku ile ile, kabla hewa haijayafifiza madini, kisha rangi ya juu ifuate kwa muda ulioandikwa katika mkebe. Tabaka ziwe nyembamba na sawa katika kila ubawa, kwa kuwa rangi nene upande mmoja huiondolea rafadha usawa wake. Ziko pia rangi za silikoni, laini mno, ambazo haziui viumbe. Huwafanya wasipate pa kushika, wakaanguka rafadha izungukapo. Wengine hupaka shahamu itokayo katika sufu ya kondoo. Mzee aliyeijua deheni asingeshangaa kuiona.

Zinki yenyewe isipakwe rangi kamwe. Zinki iliyofunikwa kwa rangi ni kama mlinzi aliyefungiwa chumbani. Ifungwe juu ya madini yaliyosuguliwa vizuri, ili igusane nayo sawasawa, na ibadilishwe ikiwa imeliwa kama nusu. Mwenye chombo akiona zinki yake inaliwa asisikitike. Inafanya kazi yake. Asikitike aionapo nzima baada ya miezi mingi, maana pengine haigusani na madini ipasavyo, na kitu kingine kinaliwa badala yake.

Hatari kwa Mashine Ndogo

Wavuvi wengi na wachukuzi wa wageni hutumia mashine za kufunga tezi, ambazo mguu wake ni wa alumini. Kwa mashine hizo onyo ni moja: rangi yenye shaba isipakwe juu ya alumini. Shaba ni imara na alumini ni dhaifu. Mkwaruzo mdogo ukifika kwenye alumini, basi mguu wa mashine huanza kuliwa na rangi ile ile iliyonunuliwa ili kuulinda. Hata ikiwa chombo chenyewe kimepakwa rangi ya shaba, yafaa kuacha nafasi isiyopakwa rangi hiyo kuizunguka mashine. Mkebe usomwe kabla ya kununuliwa. Na kinga rahisi kuliko zote ni kuinua mguu wa mashine utoke majini kila safari iishapo, na kuuosha kwa maji baridi.

Jirani Waliomo Majini

Mwisho, rangi iwezayo kuua magamba yaweza kudhuru na viumbe vingine. Zamani zilikuwako rangi zenye sumu ya bati iliyotengenezwa viwandani. Katika ghuba ya Arcachon huko Ufaransa sumu hiyo iliharibu kilimo cha chaza, na mwaka 1982 Serikali ya nchi hiyo ikaizuia kwa vyombo vidogo. Mapatano ya mataifa ya kuikataza yalifanywa mwaka 2001, yakaanza kutumika mwaka 2008.

Pwani ya kusini ina mikoko ya Gazi, matumbawe ya Kisite, na mashamba ya mwani ya kina mama wa Kibuyuni. Kwa hiyo unga wa rangi iliyokwanguliwa ukusanywe juu ya turubai na uondolewe. Usiachwe mchangani ukichukuliwa na maji yakijaa. Naye akwanguaye afunike pua na mdomo.

Wahenga walisema, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye mashua aweza kujivunia mashine mpya na jina zuri, lakini bamvua ijapo yampasa arudi chini ya chombo chake, na msasa mkononi. Kipande cha zinki kilicholiwa bei yake ni ndogo; chombo kilichopotea hakina badala yake.