Nipunguzie Maumivu, Niachie Uchungu

Usiku niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, katika hospitali moja ya wilaya, nilimwomba nesi anipunguzie uchungu. Hakunifokea. Alinishika bega akaniambia, "Mama, uchungu ukipungua mtoto atatokaje?" Nilinyamaza, maana jibu lilionekana kamili. Ilipita miaka kabla sijatambua kwamba nesi yule alijibu swali ambalo sikuliuliza, na kwamba tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe.

Kiswahili kimempa mzazi neno moja la kubebea mizigo miwili. Mkunga anapouliza kama uchungu umekolea, anataka kujua kizazi kinakaza kwa nguvu gani na mara ngapi ndani ya dakika 10. Mzazi anaposema uchungu umemzidi, anasema anaumia. Dripu inayoharakisha kazi ya kizazi tunaiita ya kuongeza uchungu, na hakuna anayeshangaa mwanamke akiiogopa. Kutokana na mchanganyiko huo imejengeka imani, kwa wazazi na kwa baadhi ya wahudumu pia, kwamba anayeomba nafuu anaomba uzazi usimame. Hapa nitayatenganisha hayo mawili: uchungu utakuwa kazi ya kizazi, na maumivu yatakuwa kile anachokisikia mwanamke.

Kizazi ni msuli. Kinakaza, kinalegea, kinakaza tena, na kila mkazo huvuta shingo yake ifunguke kidogo hadi sentimita 10. Kinachokichochea zaidi ni homoni ya oksitosini, inayotoka kwenye ubongo na kusafiri ndani ya damu. Taarifa za maumivu zina njia yake: hupanda kwa mishipa ya fahamu na kuingia kwenye uti wa mgongo karibu na kiuno, ndiyo maana wengi wetu husikia kiuno kinakatika. Mtoto akishuka, mishipa ya chini zaidi hupokea zamu, na maumivu yanageuka kuwa ya kuungua na kutanuka, yakiandamana na hamu ya kusukuma isiyozuilika. Amri hupita kwenye damu, habari hupita kwenye mishipa ya fahamu. Ushahidi wa wazi ni wanawake waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo. Vizazi vyao hukaza kama vya wengine, na wengi huweza kujifungua kwa njia ya kawaida.

Habari ile ya maumivu, kabla haijafika kwenye ubongo, hupunguzwa au huongezwa njiani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango: mguso na msuguo vikiingia kwa wingi, maumivu hupata nafasi ndogo ya kupita. Ndivyo tunavyofanya tukijigonga goti, mkono unakwenda kulisugua kabla hatujafikiri. Bibi zetu waliokaa nyuma ya mzazi wakimkanda kiuno kwa viganja walikuwa wanalibana lango hilo, ingawa hakuna aliyewahi kuwaeleza hivyo. Hofu nayo hufanya kinyume. Mwenye hofu hutoa adrenalini nyingi, misuli yake hukakamaa, na uchungu wenyewe unaweza kusuasua huku maumivu yakizidi.

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliligeuza jambo hili la hofu kuwa hoja nzima katika kitabu chake cha mwaka 1933, naye ndiye aliyelipa nguvu jina la uzazi wa asili. Alisema hofu huleta mkazo na mkazo huleta maumivu. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Alipokosea ni kuamini kwamba ukiondoa hofu maumivu yatakuwa si kitu, kwa kuwa hapo mwanamke anayeumia anageuka mwenye kosa: ameumia kwa sababu aliogopa. Mzigo huo bado tunawatwisha wanawake hadi leo, kwa maneno tofauti.

Ni muhimu kuelewa wazo hilo lilizaliwa dhidi ya nini. Mwaka 1847 James Young Simpson alianza kuwapa wazazi wa Edinburgh etha, kisha klorofomu, na mwaka 1853 Malkia Victoria akavuta klorofomu alipomzaa Leopold. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Freiburg, Ujerumani, walikuja na mchanganyiko wa mofini na skopolamini. Mwanamke aliyepewa aliumia, akapiga kelele, wengine walifungwa mikanda kitandani wasijidhuru, lakini akizinduka hakumbuki chochote. Mtoto analetwa amefungwa nguo, na mama hajui alimzaaje. Wanawake wa Marekani na Ulaya waliodai uzazi wa asili walidai kurudishiwa fahamu zao. Walikuwa wakiikimbia dawa iliyozidi.

Sisi tulilipokea neno bila kuipitia historia hiyo, na ugonjwa wetu ni wa upande wa pili. Fikiria mzazi wa kawaida katika wodi zetu nyingi. Ndugu wameachwa getini na beseni na chupa ya chai. Yuko peke yake, amelala chali, amewekewa dripu ya oksitosini kwa kuwa njia imekwama sentimita tano, na mikazo inayoletwa na dripu humjia kwa nguvu na kwa kufuatana bila nafasi ya kupumua. Hakupewa dawa yoyote ya maumivu. Baadaye tutaandika kwamba amejifungua kwa njia ya kawaida, na mtaani tutamsifu kwamba amezaa kwa asili. Nakataa. Kilichoondolewa pale si dawa tu. Vitu ambavyo asili inavihitaji navyo viliondolewa.

Maana asili ina vifaa vyake, na vimepimwa. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mzazi aliyekuwa na mtu wa kukaa naye mfululizo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua bila upasuaji, uchungu wake ulikuwa mfupi kidogo, na alihitaji dawa za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Mapitio mengine yaliwalinganisha waliosimama, kutembea au kuketi katika hatua ya kwanza na waliolala. Waliokuwa wima waliokoa wastani wa zaidi ya saa moja. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza hayo yote mawili, pamoja na kuruhusu kula na kunywa kwa mzazi asiye na hatari maalumu. Miongozo hiyo pia inasema njia kufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, peke yake, si sababu ya kumharakisha mtu.

Wanaosoma Kurani wanakijua kisa cha Maryam katika sura yenye jina lake. Uchungu ulimsukuma hadi kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, na maumivu yakamfikisha mahali pa kutamani mauti. Kilichomjia hakikuwa amri ya kujikaza. Alipata sauti ya kumliwaza, maji ya kunywa na tende za kula. Nimekisikia kisa hicho tangu chuoni, na niliposoma miongozo ile ya 2018 ndicho kilichonijia kwanza.

Mkoani Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilianza mwaka 2016 kujaribu jambo hili pamoja na vituo 9 vya serikali: kila mzazi achague mtu wa kuingia naye leba. Wengi walitumia nafasi hiyo, na wanawake wa vituo hivyo waliridhika zaidi na huduma na kusema wahudumu waliwatendea kwa upole. Hakukuhitajika mashine. Nadhani hili lingepaswa kuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo mkono na maji vina kikomo, na anayesema havina hajakesha saa 20. Ndipo zinapoingia dawa.

Inayopatikana zaidi katika hospitali zetu ni pethidini, sindano ya msuli. Humtuliza mzazi na kumpa usingizi wa vipande kati ya mkazo na mkazo, lakini haiondoi maumivu, huweza kumtapisha, na hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Ikichomwa saa chache kabla ya kuzaliwa, mtoto anaweza kutoka amesinzia, anapumua kwa uvivu na kuchelewa kunyonya. Kwa hiyo mkunga anayekuuliza uko sentimita ngapi kabla ya kukuchoma hakucheleweshi kwa roho mbaya. Kuna pia gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, ambayo mzazi hujishikia mwenyewe na kuvuta mkazo unapoanza. Uingereza ni ya kawaida sana, huku kwetu ni nadra kuikuta.

Na kuna epidurali, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wengi tunaijua sindano ya mgongo kutokana na upasuaji: dozi moja, miguu inakufa ganzi, daktari anaanza kazi. Epidurali ni ndugu yake lakini haifanani naye. Mtaalamu wa usingizi huingiza mrija mwembamba nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, kisha dawa ya ganzi hupitishwa humo kwa kiasi kidogo kidogo, kwa saa nyingi ikibidi. Ndani ya dakika 20 hivi maumivu hushuka sana. Kizazi kinaendelea kukaza. Mzazi anaweza kukihisi kwa kiganja akiweka mkono tumboni. Huo ndio ushahidi, juu ya mwili wa mwanamke mwenyewe, kwamba uchungu na maumivu ni vitu viwili.

Gharama zake zielezwe bila kutishana. Shinikizo la damu linaweza kushuka, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara na mapigo ya mtoto husikilizwa. Miguu huwa mizito, homa na kuwashwa hutokea, na mkojo unaweza kuhitaji mpira. Takriban mmoja kati ya wanawake 100 hupata maumivu makali ya kichwa siku zinazofuata, ambayo hutibika. Muda wa kusukuma hurefuka. Zamani waliopewa walivutiwa mtoto kwa vakyumu mara nyingi zaidi, lakini mapitio makubwa ya mwaka 2018 yaligundua kwamba katika tafiti za tangu 2005, dozi zilipopunguzwa, tofauti hiyo haikuonekana tena. Mapitio hayo hayo hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji, wala kwamba inaacha maumivu ya mgongo ya kudumu. Hili la mgongo nalirudia kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo hofu ninayoisikia zaidi saluni na kliniki. Mimba yenyewe, kubeba mtoto na kunyonyesha umejikunja huuma mgongo, na sindano ndiyo inayolaumiwa. Mwenye damu isiyoganda vizuri, au maambukizi pale sindano inapoingia, hafai kupewa.

Sasa ukweli mgumu. Epidurali inamtaka mtaalamu wa usingizi aliye karibu usiku kucha, mkunga wa kumwangalia mzazi kila baada ya muda mfupi, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Kwa hiyo inapatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, kwa mwenye bima nzuri au fedha mkononi. Hospitali ya wilaya yenye mtaalamu mmoja wa usingizi ikimweka kwa mama anayevuja damu badala ya kwangu mimi ninayeumia, imefanya sawa, na ningesema hivyo hata nikiwa kitandani. Ninachokidai ni kwamba uhaba uitwe uhaba. Usivikwe joho la ushujaa tukaambiwa mwanamke wa Kiafrika haumii, au anayeomba nafuu ni mdekaji.

Ushujaa huo umegharimu hata wenye kila kitu. Chama cha wakunga cha Uingereza kiliachana na kampeni yake ya uzazi wa kawaida, na mwaka 2022 ripoti ya Donna Ockenden juu ya hospitali za Shrewsbury na Telford ilieleza kwamba baadhi ya akina mama walicheleweshewa upasuaji waliouhitaji. Kwetu ushujaa huo hujitokeza kwa maneno ya mawifi kuhusu nani amezaa na nani amepasuliwa, na kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu kinachopenyezwa ndani ya chupa ya chai. Hicho cha mwisho ninakiogopa kweli. Hakuna anayejua kipimo chake. Kikikutana na dripu ya hospitali, kizazi kinaweza kupasuka na mtoto akakosa hewa. Kama umekunywa, mwambie mkunga mara moja, hata akikukaripia.

Anayepanga kuzaa bila dawa ana haki ya kubadili nia sentimita saba, na anayepanga epidurali anaweza kukuta mtoto amemtangulia mtaalamu. Ndiyo maana naona mazungumzo yafanyike mapema, kwenye kliniki, wakati mtu bado anaweza kumaliza sentensi.

Mimba ya mdogo wangu ilipofikisha miezi minane nilimwandikia maswali matatu nyuma ya bahasha ya kadi yake. Naruhusiwa kuingia na nani? Naweza kutembea na kuzaa nimechuchumaa? Dawa gani ya maumivu ipo usiku, na nani anaitoa? La pili alijibiwa ndiyo, mradi mapigo ya mtoto yawe mazuri. La tatu aliambiwa pethidini, ikiwepo. La kwanza nesi alisita, kisha akasema angependa sana, lakini vitanda vimebanana na havina pazia, na wazazi wengine wana haki ya kusitiriwa.

Jioni hiyo mdogo wangu aliufungua mkoba wa uzazi aliokwisha kuupanga, akaongeza doti moja ya khanga, kamba ya manila na vibanio vinane vya nguo.