Mtunzi Aliyejificha Ainabkoi

Kule Ainabkoi, Uasin Gishu, ambako baridi humvisha mtu kabuti mchana kutwa, nilijulishwa kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye miaka kumi na mitano hutunga mashairi ya Kiswahili bila ya hata mkewe kujua. Daftari lake hulificha ghalani, chini ya magunia ya mbegu za viazi.

“Mzee,” aliniambia, “wakijua watasema mwalimu hana kazi. Tena wataniuliza, Mkalenjin na mashairi ya Waswahili wapi na wapi?”

Daftari nikalisoma lote. Tarbia zake zimetimia, mizani 16 kwa kila mshororo, nane kwa nane, na vina havikuburutwa kwa nguvu. Shairi la kumlilia nduguye lilinishika koo, nami, wasomaji wangu mnanijua, si mwepesi wa kusifu. Basi huyu haogopi kushindwa. Aogopa kujulikana.

Hofu hiyo sisi wa pwani twaijua, na dawa zake tulizitafuta zamani. Kuna lakabu: mtu hutia chini ya shairi jina la kupanga, majirani wakalisoma gazetini wasijue ni la nani. Kuna mghani pia. Mwenye sauti husimama mbele za watu, mtunzi akakaa nyuma na kikombe chake cha kahawa. Lakini watunzi wengi wa tenzi za kale walikuwa na ada nyingine, ya kutaja majina yao katika beti za mwisho na kumwomba msomaji dua. Ada hiyo mwalimu hakuwa ameisikia. Alinitaka niirudie mara mbili.

Na hilo la kuonekana hana kazi, nilimtajia Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na kalamu yake haikulala. Nikamtajia na Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?* Huko gerezani akatunga mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*.

“Huyo aliogopwa na serikali,” mwalimu akajibu. “Mimi naogopa kuchekwa sokoni.”

Sikumcheka. Serikali iko mbali, na soko ni la kila wiki.

Alasiri vijana walikuja kupakia viazi kwenye lori. Mvua ikawafungia ghalani pamoja nasi. Mwalimu akatoa daftari, akasoma beti mbili za lile la nduguye, kwa sauti ya chini kama asomaye barua. Kijana mmoja aliyekuwa akishona gunia akasimamisha sindano.

“Nani alitunga hiyo, mwalimu?”

Akakawia kidogo. “Ni mimi.”

“Basi malizia,” kijana akasema, akaendelea kushona.