Kitanda Kinachosikiliza Pumzi: Teknolojia katika Makao ya Wazee ya Japani

Japani ni miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kukabiliwa na swali la namna jamii inavyoweza kuwatunza wazee wake pindi wanapokuwa wengi kuliko mikono ya kuwahudumia. Watu waliotimiza miaka 65 na zaidi ni wapatao milioni 36, yaani takriban asilimia 29 ya wakazi wote, na mwaka 2024 Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2040 watahitajika wahudumu wapatao milioni 2.72, ilhali waliokuwapo mwaka 2022 walikuwa milioni 2.15. Kwa kuliona pengo hilo mapema, serikali ilianza mwaka 2013 kufadhili utengenezaji wa vyombo vya kusaidia matunzo ya wazee, na tangu hapo magazeti ya dunia yamependa kuonyesha picha za roboti zinazocheka na kuimba mbele ya vikongwe. Picha hizo zimeficha vyombo vingine visivyopendeza machoni, ambavyo ndivyo vilivyoifaa zaidi afya ya wazee.

Makao yanayozungumziwa hapa si hospitali, wala si nyumba za wastaafu wenye nguvu zao. Aina iliyo mashuhuri zaidi, iliyowekwa na sheria ya ustawi wa wazee ya mwaka 1963, huwapokea watu wasioweza tena kuishi bila msaada wa mchana na usiku. Na tangu mwaka 2015, isipokuwa kwa sababu maalumu, huwapokea wale tu waliopimwa na kuwekwa katika daraja la tatu au zaidi kati ya madaraja matano ya uhitaji wa matunzo. Sehemu kubwa ya gharama hubebwa na bima ya matunzo iliyoanza mwaka 2000, ambayo nusu ya fedha zake hutokana na kodi na nusu nyingine ni michango ya watu waliofikisha miaka 40, huku mzee mwenyewe akilipa kwa kawaida sehemu moja ya kumi ya bei ya huduma. Kwa hiyo anayeingia humo huwa tayari amedhoofika. Wengi wana dimensha, yaani hali ya ubongo kuharibika hatua kwa hatua hata mtu akapoteza kumbukumbu, uelewa na uwezo wa kujiongoza, na aghalabu hawawezi kueleza kwamba wanaumwa, wana kiu au wanataka kwenda chooni. Jambo hili la mwisho ndilo msingi wa yote yanayofuata, kwa sababu teknolojia yenye manufaa makubwa katika makao hayo ni ile inayompa mzee asiyeweza kusema njia nyingine ya kujulisha hali yake.

Mfano ulio bora ni kihisi cha kitandani. Kihisi kwa jumla ni kifaa kinachopokea badiliko fulani, kama vile joto, mwendo au mgandamizo, na kuligeuza kuwa alama za umeme ambazo kompyuta inaweza kuzisoma. Hiki cha kitandani ni bapa jembamba linalowekwa chini ya godoro, likapokea mitikisiko midogo mno ya mwili uliolala juu yake, kisha programu ikaichambua mitikisiko hiyo na kutambua upi ni wa kujigeuza, upi ni wa kifua kupanda na kushuka, na upi ni wa moyo kupiga. Mzee havai chochote, na wala hajui kwamba kipo. Katika chumba cha wahudumu, au katika simu iliyomo mfukoni mwao, huonekana nani amelala, nani yu macho, nani ameketi na nani ameshatoka kitandani.

Ili kuuelewa uzito wa badiliko hili ni lazima kuufikiria usiku wa makao hayo ulivyokuwa. Mhudumu wa zamu alipita chumba hadi chumba kwa saa zilizopangwa, akafungua mlango, akamulika tochi, na mara nyingi akamwamsha mtu aliyelala fofofo ili ambadilishe nepi kwa kuwa ratiba ilitaka hivyo. Sasa anaweza kungoja mpaka mzee aamke mwenyewe. Usingizi usiokatizwa si anasa kwa mwili wa miaka 90, kwani usingizi mbovu huzidisha mkanganyiko wa mwenye dimensha, humfanya asinzie mchana na kukosa hamu ya chakula, na akisimama huku akiyumba huwa karibu na kuanguka. Na kuvunjika nyonga katika umri huo mara nyingi ndio mwanzo wa kutotembea tena. Zaidi ya hayo, kumbukumbu za usiku mwingi huonyesha desturi ya kila mwili, kiasi kwamba pumzi zikianza kwenda mbio kuliko kawaida yake, jambo hilo laweza kuwa dalili ya mapema ya moyo unaoelemewa au ya nimonia, hususan ile inayotokana na chakula au mate kuingia mapafuni, ambayo ni hatari kubwa kwa wasiomeza vizuri. Kihisi hakitambui ugonjwa. Huonyesha tofauti tu, na muuguzi ndiye anayekwenda kupima joto, kusikiliza kifua na kumwita daktari.

Kwa mantiki iyo hiyo kimebuniwa kifaa kidogo kinachobandikwa chini ya kitovu, kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kama yale yanayotumiwa kumpima mama mjamzito, ili kukadiria kibofu kimejaa kiasi gani na kumjulisha mhudumu kabla mkojo haujatoka. Faida yake ya kiafya ni kubwa, kwa sababu ngozi inayokaa katika unyevu hulainika na kuchubuka upesi, lakini faida ya heshima ni kubwa zaidi: mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu hupelekwa chooni kwa wakati badala ya kusafishwa baadaye.

Uzito wa mwili ni tatizo jingine. Asiyejigeuza kitandani hupata vidonda vya mgandamizo, yaani majeraha yanayotokea pale mfupa unapoikandamiza ngozi mpaka damu isipite, na anayemgeuza au kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu huumia mgongo. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2013 juu ya kuzuia maumivu ya kiuno kazini unaagiza kwamba, kimsingi, binadamu asinyanyuliwe kwa nguvu za mikono. Mashine za kunyanyulia zenye mikanda hufanya kazi hiyo vizuri, na kwa kuhama kutoka kitanda kwenda kiti yapo mashuka ya nailoni yenye kuteleza, ambayo hayahitaji umeme na huuokoa mwili wa mzee usiburutwe. Kinyume chake ni Robear, roboti yenye sura ya dubu iliyotangazwa na taasisi ya utafiti ya RIKEN mwaka 2015, iliyoweza kumbeba mtu mikononi lakini yenyewe ikiwa na uzito wa kilo 140. Ilisifiwa duniani kote, na haikuwahi kuingia katika matumizi ya kawaida.

Paro inastahili kutajwa kwa haki zaidi. Ni roboti yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, ambayo mhandisi Takanori Shibata alianza kuitafiti mwaka 1993. Hutikisa mkia ikipapaswa, hugeukia sauti, na mwaka 2009 ilitambuliwa na mamlaka ya Marekani kuwa kifaa cha tiba. Sili alichaguliwa kwa sababu watu wachache wamewahi kumfuga, hivyo hawamlinganishi na mnyama halisi kama wafanyavyo kwa paka. Jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2017, lililohusisha wazee 415 wenye dimensha katika makao 28, lilionyesha kwamba waliopewa Paro walizungumza na kuitazama zaidi kuliko waliopewa mwanasesere wa sura hiyo hiyo asiye na uhai wa umeme. Hata hivyo, katika kutuliza fadhaa, tofauti kati ya viwili hivyo haikuwa kubwa. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo kuliko sifa zake.

Mwanaanthropolojia James Wright, aliyefanya utafiti ndani ya makao ya wazee nchini Japani na kuchapisha kitabu mwaka 2023, alionyesha kwamba roboti zililetwa ili kupunguza kazi lakini zilileta kazi mpya ya kuzihamisha, kuzisafisha, kuzichaji na kuzisimamia, hata wahudumu wakaziacha. Wachumi Karen Eggleston, Yong Suk Lee na Toshiaki Iizuka, kwa upande wao, walikuta kwamba makao yaliyotumia vyombo hivi hayakuwa yamefukuza watu, bali yalikuwa na wafanyakazi wengi zaidi. Matokeo hayo mawili hayapingani, maana chombo kinapofanya kazi vizuri humpunguzia mhudumu mzigo wa kubeba na kukesha, na bado yeye huhitajika.

Hatari iliyopo ni ya faragha na ya hesabu za fedha. Kitanda kinachojua mtu amelala saa ngapi ni kitanda kinachompeleleza, na mwenye dimensha hawezi daima kutoa idhini, kwa hiyo familia yapasa iambiwe waziwazi kumbukumbu hizo zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma. Kuhusu fedha, kanuni ya Japani hutaka kuwe na mhudumu au muuguzi mmoja kwa kila wakazi watatu, lakini tangu mwaka 2024 baadhi ya makao ya kulipia yenye vyombo vya kisasa yanaweza kuruhusiwa kushuka hadi mhudumu 0.9 kwa kila wakazi watatu. Ruhusa hiyo inatakiwa kuthibitishwa kwa kuonyesha kwamba ubora wa huduma haukupungua wala wahudumu hawakulemewa, na serikali isikubali uthibitisho huo kutoka kwa wenye makao pekee, bali iwaulize pia wazee wanaoweza kujibu, watoto wao, na wahudumu wa zamu ya usiku.