Maji ya bomba kijijini: Kazi huanza baada ya uzinduzi

Siku ya kuzindua mradi wa maji kijijini huwa ni siku ya furaha. Utepe hukatwa, mgeni rasmi hujaza ndoo ya kwanza, akina mama hupiga vigelegele. Lakini ukirudi baada ya miaka miwili, si ajabu ukakuta koki zimekauka na watoto wamerudi na madumu yao kwenye dimbwi wanalochangia na ng'ombe. Hapo ndipo magonjwa ya kuharisha yanaporejea.

Kwa utaratibu wa hapa Tanzania, jambo hili huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Basi kijiji cha watu 2,000 kinahitaji vituo 8 na lita 50,000 kila siku. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuchimba. Kisima kisichofikia kiasi hicho huzaa foleni, na aliyechoka na foleni hurudi dimbwini.

Kisha maji yapimwe maabara. Hapa wengi wetu tunakosea. Maji yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu tunayatawadhia bila wasiwasi, tukadhani basi yanafaa na kunywa. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Floridi nayo, iliyo nyingi katika maji ya baadhi ya vijiji vya kandokando ya Mlima Meru, imewaachia watoto meno ya kahawia na wengine miguu iliyopinda, na kuchemsha hakuiondoi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo miradi mingi inapofia. Sheria ya mwaka 2009 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda chombo chao cha kuendesha maji. Sheria ya mwaka 2019 imeendeleza vyombo hivyo chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Chombo hukusanya fedha za ndoo, humlipa fundi na huweka akaunti benki. Wapo wanaouliza: maji ni ya Mungu, tulipie nini? Mvua ni bure, ndugu yangu, lakini pampu na dizeli havishuki na mvua. Wajane na wazee wasiojiweza mkutano unaweza kuwasamehe, na ni vizuri ufanye hivyo.

Kosa kubwa ni kupanga bei ya ndoo inayotosha mafuta tu. Pampu ikiungua, hakuna akiba, barua inaandikwa wilayani na kijiji kinasubiri kikinywa maji ya dimbwi.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa kijiji, simama uulize mambo mawili: akaunti ya maji ina shilingi ngapi, na pampu mpya inauzwa bei gani?