Siku 28 za Mwanzo wa Mtoto Tumboni

Kila mwanadamu alianza uhai wake akiwa seli moja tu. Seli hiyo hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na siku ya 6 au ya 7 baada ya yai kurutubishwa, fungu hilo dogo la seli hujipachika katika ukuta wa mji wa mimba. Tangu hapo huitwa kiinitete.

Katika wiki ya 3 hutokea mgongoni mwa kiinitete bamba jembamba la seli. Kingo mbili za bamba hilo huinuka, hujikunja na kukutana, zikafanya mrija. Kufungwa kwa mrija huo huanzia upande wa shingo, kisha huendelea juu na chini, mfano wa zipu inayovutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mrija huu ndio utakaokuwa ubongo na ugwe mgongo. Ifikapo siku ya 28 hivi, kazi hiyo huwa imekwisha.

Iwapo ncha ya juu haikufunga, ubongo haukui na mtoto hawezi kuishi. Iwapo ni sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Miguu yake huweza kupooza, naye hushindwa kuzuia haja. Mara nyingi pia maji hujaa kichwani, na kichwa kikawa kikubwa kupita kiasi. Watoto wa namna hii hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyopo Upanga, wilayani Ilala. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kuwa kasoro hizi zilimpata mtoto 1 katika kila watoto 330 hivi waliozaliwa hapo.

Wanafunzi na wafanye hesabu ndogo. Yai hurutubishwa takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo siku ya 28 ya kiinitete, mwanamke amechelewa kuona siku zake kwa majuma mawili tu. Huenda hajatambua kuwa ni mjamzito. Aidha, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa ni takriban robo tu ya wajawazito wa Tanzania waliokwenda kliniki kabla ya mwezi wa nne. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki wanavyopewa huko vina faida kubwa kwa damu ya mama na kwa ukuaji wa mtoto, lakini mrija wa neva ulikwisha fungwa, au ukashindwa kufunga, zamani.

Asidi ya foliki ni vitamini ya jamii ya B. Seli haiwezi kugawanyika bila kunakili kwanza vinasaba vyake, na vitamini hii ni ya lazima katika kazi hiyo. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 7 kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hii. Waliopewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba walipungukiwa na hatari ya kasoro hiyo kurudi kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani hushauri mikrogramu 400 kila siku, kuanzia mwanamke anapokusudia kupata mtoto hadi wiki ya 12 ya mimba.

Vitamini hii imo katika maharage, choroko, mchicha na matembele, vyakula visivyokosekana katika masoko ya Ilala na Kariakoo. Hata hivyo, mboga ikichemshwa mno na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa hupotea. Mahindi nayo yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, hupoteza kiini na ganda, ambamo vitamini nyingi hukaa, dona huvihifadhi.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi huongeza asidi ya foliki katika unga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, na mpango ukazinduliwa mwaka 2013. Wanawake wa Dar es Salaam walipopimwa kabla ya mpango huo na baada yake, upungufu wa vitamini hii ulionekana kushuka kutoka asilimia 27 hivi hadi 5. Pengo lililobaki ni mashine ndogo za kusaga zilizomo mitaani. Vifaa vya kuchanganyia virutubishi vinavyofaa mashine hizo vimekwisha buniwa na vinatumika nchini, lakini havijaenea kila mahali.

Si upungufu wa vitamini pekee unaodhuru. Kondo la nyuma si ukuta. Ni mlango unaopitisha vingi. Mwaka 1941 daktari Norman Gregg wa Australia aligundua kuwa rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo, mtoto huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rubela mwaka 2014. Dawa ya thalidomide, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 hadi 1961, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Pombe, kaswende na malaria hudhuru pia. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari ya mgongo wazi. Lakini mgonjwa asiziache kwa hiari yake, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Mara nyingine mama aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi husingiziwa laana, au huambiwa amerogwa, naye akaficha mtoto wakati upasuaji ungalipo karibu. Ukweli ni kwamba sababu ni nyingi, nyingine za kurithi, na si zote zinazoweza kuzuilika. Wala si haki kumlaumu mtu kwa tukio lililopita kabla hajajua kuwa lipo.

Kliniki, kwa jinsi ilivyo, hufika baada ya siku ya 28. Vinavyoweza kufika mapema ni viwili: unga ulioongezwa virutubishi, na somo la uzazi linalofundishwa darasani, ambalo msichana na mvulana hulisikia miaka kadhaa kabla ya kuwa wazazi.