Alipasuliwa Moyo Akiwa Mutoto: Je, Ugonjwa Umekwisha?

Pengine katika familia yenu kuko kijana mwenye kovu refu katikati ya kifua. Alizaliwa na tundu katika moyo, ao na mushipa mwembamba kupita kiasi. Wazazi walihangaika, feza ikatafutwa, waganga wakamupasula, akapona. Leo ni mukubwa, anatafuta kazi na anataka kuoa. Watu wa nyumbani wanasema: "Ile mambo ilikwisha." Je, ni kweli?

Katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu 1 anazaliwa na kilema cha moyo. Zamani wengi wao walikufa wangali wadogo. Katika mwaka 1944, kule Baltimore, Marekani, Alfred Blalock, Helen Taussig na Vivien Thomas walifungua njia ya kusaidia watoto wenye kugeuka rangi ya buluu kwenye midomo na vidole. Leo, katika inchi tajiri, zaidi ya 90 kati ya 100 wanafikia utu uzima. Ni furaha kubwa. Lakini moyo uliotengenezwa si sawasawa na moyo uliozaliwa muzima. Angalia mambo yanayoweza kumupata mukubwa:

Mapigo kuvurugika. Kovu ndani ya moyo linaweza kuvuruga mapigo hata kisha miaka 20 ao 30. Moyo unakimbia gafula, kizunguzungu kinamushika, pengine anaanguka.

Moyo kuchoka. Miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi, usiku hawezi kulala bila kuinua kichwa juu.

Mikrobe. Toka kwenye jino bovu, mikrobe inaweza kuingia katika damu na kushika moyo. Homa inaendelea siku nyingi, na sisi tunasema ni malaria tu!

Mapafu na maini. Tundu kubwa lisilofungwa linaharibu mishipa ya mapafu. Kisha damu inakuwa nzito, na mutu anaweza kupooza. Tena, wale waliopasuliwa kwa njia ambayo munganga Francis Fontan alianzisha kule Bordeaux katika mwaka 1968 wanaweza kuugua maini, kwa sababu damu inarudi kwa shida katika moyo na kulemea maini.

Mimba. Mimba inaongezea moyo kazi. Wamama wengi wenye kilema kidogo wanazaa vizuri, lakini kwa wengine, zaidi sana wale ambao mapafu yao yameharibika, mimba inaweza kuua. Dada, uliza munganga mbele ya kubeba mimba.

Basi, tufanye nini? Kwanza, wazazi, chungeni karatasi zote za lopitalo, na mufundishe mutoto jina la ugonjwa wake. Siku moja atajibu mwenyewe mbele ya munganga asiyemujua. Pili, arudi kupimwa hata kama hasikie maumivu. Tatu, asugue meno kila siku, na mbele ya kutolewa jino aseme: "Mimi nilizaliwa na ugonjwa wa moyo." Wengine wanapaswa kupewa dawa ya kuua mikrobe kwanza.

Kijana, hapa kwetu kazi inayopatikana haraka ni kuchimba na kubeba mifuko ya madini. Usiingie shimoni kwa sababu ya haya mbele ya wenzako. Muulize munganga ni uzito gani moyo wako unaweza kuvumilia. Kutembea na michezo myepesi vinafaa wengi.

Na sisi kanisani? Kumuombea mugonjwa ni vizuri. Kumwambia atupe vidonge juu ya kuonyesha imani, hapana! Wala tusiseme ni mulozi aliyemufunga. Mara nyingi mutu huyu anabeba woga ambao hausemi kwa mutu yeyote. Muulize hali yake, kisha umusindikize kwa munganga.