Anayesifu ni Nani? Maneno ya Pongezi katika Kiingereza

Mwanafunzi wa kidato cha sita anaandika insha ya Kiingereza juu ya Eliud Kipchoge. Neno "praise" ameshalitumia mpaka limechuja, basi anafungua kamusi ya visawe na kukuta mengine yamepangwa foleni: "acclaim", "accolade", "ovation", "tribute", "eulogy". Anachagua lenye sauti nzito kuliko yote na kuandika kwamba Kipchoge alipomaliza umbali wa marathoni mjini Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mashabiki kando ya barabara walimpa "accolade". Sarufi iko sawa. Maana imekwenda kombo, kwa sababu orodha ile haikumwambia jambo la msingi: sifa katika Kiingereza huchagua mtoaji wake.

"Accolade" limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na ndani yake mna neno la shingo. Ulaya ya zamani, askari wa farasi alipopewa rasmi cheo cha ushujaa, bwana wake alimkumbatia shingoni. Baadaye desturi ikawa kumgusa bega kwa ubapa wa upanga. Ni heshima inayoshuka kutoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa, na mpaka leo neno halijasahau hivyo. Shangwe za barabarani haziwi "accolade". Shirikisho la riadha duniani lilipomtangaza Kipchoge kuwa mwanariadha bora wa kiume wa mwaka huohuo wa 2019, hapo ndipo neno lilipostahili. Huhesabika pia, moja na nyingi, na anayeitoa hutumia kitenzi "bestow" kinachofuatwa na "on". Katika magazeti yetu ya Kiingereza mara nyingi nakuta "bestow to", na kila mara naona sentensi nzuri ikichechemea kwa neno moja dogo.

Umati wa Vienna ulitoa "acclaim", neno lenye asili ya kupaza sauti. Hili halihesabiki, kwa hiyo usiliwekee "an" mbele yake. Likiunganishwa kuwa "critical acclaim" huwababaisha wengi, maana "critical" wanaijua kwa kukosoa au kwa mgonjwa mahututi. Hapa ni sifa za wahakiki. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, iliyoingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994, ilipata sifa za namna hiyo.

Upande wa pili kabisa wa "accolade" liko "tribute". Karibu kila mwanafunzi analijua, ila wachache wanajua kwa nini kitenzi chake ni "pay", yaani kulipa. Hapo kale "tribute" ilikuwa mali ambayo watu walioshindwa vitani walimlipa mtawala wao. Utumwa ule umekwisha, malipo yamebaki katika lugha. Ndiyo maana heshima hii kwa kawaida hupanda: mchezaji kwa kocha aliyemlea, taifa kwa marehemu wake. Sisi hutoa heshima za mwisho, Waingereza huzilipa.

"Ovation" ni ya ukumbini, ya mikono inayopiga makofi bila kukoma. Katika Roma ya kale ilikuwa sherehe ya daraja la pili: jemadari ambaye ushindi wake haukutosha kupewa gari la farasi wanne aliingia mjini kwa miguu au juu ya farasi.

Kwa "eulogy" nasihi uangalifu mkubwa zaidi. Asili yake ya Kigiriki ni maneno mema tu, lakini siku hizi, hasa Marekani, ni hotuba ya msibani. Ukimwandikia mkuu wa idara anayestaafu kwamba utatoa "eulogy" yake, utawashtua jamaa zake. Wala usilichanganye na "elegy", ambalo ni shairi la maombolezo. Waliosoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, ya mwaka 1963, wanakumbuka hotuba ya Antonio mbele ya maiti: ile ni "eulogy", na inaonyesha silaha inayoweza kufichwa ndani ya sifa za marehemu.

Lipo neno moja ningependa waandishi wa barua za mapendekezo waliache kabisa: "fulsome". Linafanana na "full", likavutia kwa wema huo wa juujuu. Kweli zamani lilimaanisha tele, na wapo wanaolitumia hivyo hata leo. Hata hivyo kwa wasomaji wengi "fulsome praise" ni kilemba cha ukoka, sifa zilizozidi mpaka zinakinaisha. Mtahiniwa anayesifiwa hivyo anaweza kukosa nafasi ya masomo bila kujua kosa liko wapi. Andika "generous" au "warm" ubaki salama. Ukitaka kumwaga sifa hasa, lipo "lavish", lililotoka katika neno la Kifaransa cha kale la mvua kubwa; nalo pia hufuatwa na "on".

Yamebaki maneno mawili. Wangari Maathai tangu 2004, na Gurnah tangu 2021, huitwa "Nobel laureate", yaani mshindi wa tuzo ya Nobel, kwa sababu ya shada la majani ya mloreli walilovikwa washindi wa michezo ya Delphi, mji wa mungu Apollo. Na "kudos", la Kigiriki pia, lina "s" isiyo ya wingi: ni umoja, na kitenzi chake hulifuata kama umoja.